Kichwa kirefu kwenye ultrasaundi, na wiki mbili zilizoleta ugomvi nyumbani

*Swali: "Daktari, shikamoo. Nina mimba ya pili, wiki 30 na siku 2 nikihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Juzi nilipima ultrasaundi hapa Tunduma. Karatasi inasema BPD mm 70, OFD mm 101, HC mm 277, AC mm 260, FL mm 57, CI asilimia 69, maji sm 4.6, mtoto ametanguliza matako. Chini mpimaji ameandika 'dolikosefali, mimba ya wiki 28'. Nilipouliza akasema kichwa cha mtoto ni kirefu, nikamwone daktari. Nimesoma kwenye simu habari za watoto wanaopasuliwa fuvu na usingizi umeniruka. Mama mkwe anasema nimekibana mwenyewe kwa kulalia tumbo, akizaliwa atakikanda. La pili naona aibu kuliandika. Mume wangu ni dereva wa malori. Aliondoka kwenda Lubumbashi wiki 27 zilizopita, akakaa huko mwezi mzima. Wifi yangu ni muuguzi. Ameichukua karatasi, akapiga hesabu, akasema mimba imetungwa wiki 26 zilizopita. Tangu hapo nyumba haina amani. Karatasi ya ultrasaundi ya wiki ya 12 ninayo, na ilipishana na hedhi kwa siku mbili tu. Je, mtoto ana tatizo? Na hizo wiki mbili zimetoka wapi?"*

Marahaba, mama. Nikujibu kwanza kwa ufupi ili leo upate usingizi: kwa namba ulizoniandikia, sioni dalili kwamba mtoto ana ugonjwa wa fuvu au wa ubongo, na mimba yako ni ya wiki 30, si 28. Hizo wiki mbili zimetokana na umbo hilohilo la kichwa lililokutia hofu. Maswali yako mawili yana jibu moja, na nitalieleza taratibu, kwa sababu nadhani karatasi hii itasomwa na watu wengine hapo nyumbani.

Tuanze na herufi. BPD ni upana wa kichwa, kutoka mfupa wa upande mmoja juu ya sikio hadi mfupa wa upande wa pili. OFD ni urefu wake, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. HC ni mzunguko wa kichwa chote, AC mzunguko wa tumbo, FL urefu wa mfupa wa paja. CI si kipimo kipya bali ni hesabu: unachukua upana, unagawa kwa urefu, unazidisha kwa mia. Kwako ni 70 kwa 101, yaani 69 na ushei. Mwaka 1981 Frank Hadlock na wenzake huko Texas walitoa takwimu ambazo wapimaji wengi bado wanazitumia: wastani wa uwiano huu ni 78.3, watoto wengi wako kati ya 74 na 83, na karibu wote, kama 95 katika kila mia, wako kati ya 70 na 86. Wewe umekosa mpaka wa chini kwa nukta chache. Dolikosefali ni jina tu la kichwa kilichozidi urefu ukilinganisha na upana wake. Linaeleza umbo, kama vile mtu anavyosema huyu ana uso mrefu, na halitaji ugonjwa wala chanzo.

Sasa tazama kitu ambacho karatasi haikukueleza. Mtoto wa wastani wa wiki 30 ana upana wa mm 76 hivi na urefu wa mm 96 hivi. Jumlisha: 172. Wako ana 70 na 101. Jumlisha: 171. Mzunguko mara nyingi hupatikana kwa kuzidisha jumla hiyo kwa 1.62, na kwako inakuja mm 277, sawasawa na kilichoandikwa. Maana yake kichwa cha mwanao kina mzunguko wa mtoto wa wiki 30. Kilichopungua upande kimeongezeka mbele na nyuma. Ningekuwa na wasiwasi wa aina nyingine kabisa kama upana, urefu na mzunguko vyote vingekuwa vimebaki nyuma, maana hapo swali lingekuwa kama ubongo wenyewe unakua.

Kwa nini kichwa kikawa hivyo? Fuvu la mtoto aliye tumboni halijawa kitu kigumu kimoja. Ni vipande vya mfupa mwembamba vilivyoachana kidogo, na kati yake kuna maungio laini. Pale maungio yanapokutana ndipo palipo na utosi. Mungu kalipanga hivyo ili ubongo upate nafasi ya kukua na kichwa kiweze kupita njia ya uzazi. Fuvu la namna hiyo hufuata nafasi linayoipata. Mtoto aliyetanguliza matako kichwa chake kiko juu, kwenye dari la mji wa mimba, na hapo mara nyingi hubanwa pembeni kikarefuka kuelekea kisogoni. Wataalamu wa uzazi wamelijua hili miaka mingi, kiasi kwamba kichwa kirefu kwa mtoto wa matako hakimshangazi mtu aliyezoea kazi. Mapacha wanaogombea nafasi hupata hali hiyo pia. Na maji ya uzazi yakipungua, au chupa ikipasuka mapema, kuta za mji wa mimba humkaribia mtoto na kichwa hubanwa vilevile. Ndiyo maana macho yangu yalikimbilia namba ya maji kabla sijamaliza kusoma swali lako. Sm 4.6 kwenye kisima kirefu kuliko vyote, yaani pale maji yalipo na kina zaidi kwenye picha, ni kawaida. Tunaanza kuhangaika ikiwa chini ya 2.

Kwa hiyo mama mkwe, kwa heshima zote, yuko sahihi kwamba kichwa kinaweza kubanwa, ila aliyebana si wewe. Huwezi kulalia tumbo la wiki 30 kiasi cha kumfikia mtoto akiwa katikati ya maji yake. Wala si gauni la kubana, wala kuinua ndoo. Usibebe lawama hiyo.

Kuna jambo moja zaidi kabla hatujaiamini 69 kwa asilimia mia: jinsi ilivyopatikana. Kichwa hupimwa kwenye picha iliyosimamishwa, na picha hiyo haichukuliwi popote tu. Mpimaji anatafuta mkato uliolala sawa, wenye mstari wa katikati ya ubongo ukigawa kichwa nusu kwa nusu, viini viwili vyeusi vya thalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, vikiwa pande zote za mstari huo, na mbele kidogo kijisanduku chembamba cha maji. Ubongo mdogo wa kisogoni haupaswi kuonekana hapo. Ukionekana, kifaa cha kupimia kimeinamia nyuma na urefu utakaosoma si wenyewe. Kisha zinawekwa alama mbili ndogo za msalaba. Ya kwanza inakaa ukingo wa nje wa mfupa ulio karibu na kifaa hicho; ya pili, kwa jedwali la Hadlock, inakaa ukingo wa ndani wa mfupa wa upande wa pili. Majedwali ya INTERGROWTH-21st, yaliyotolewa mwaka 2014 baada ya kuwapima wajawazito wa miji minane, Nairobi na Muscat ikiwemo, yanataka alama zote mbili zikae nje. Ukipima kwa mtindo mmoja ukasoma jedwali la mtindo mwingine, tayari umekosea milimita kadhaa. Mtoto wa matako naye anasumbua: kichwa kiko chini ya mbavu za mama, mpimaji anabonyeza, mtoto anageuza shingo. Simtuhumu aliyekupima. Nasema tu kwamba 69 leo inaweza kuwa 72 wiki tatu zijazo bila kichwa kubadilika hata kidogo.

Sasa hizo wiki mbili. Mashine haijui umri wa mimba. Inajua milimita, na kila kipimo inakipeleka kwenye jedwali lake na kurudi na umri. Kwa upana wa mm 70 inarudi na wiki 28 na siku 1. Kwa mzunguko wa kichwa wako inarudi na wiki 30 na siku 2. Kwa tumbo, wiki 30 na siku 1. Kwa paja, wiki 29 na siku 6. Ona: vitatu vinakubaliana, kimoja kimejitenga. Na kilichojitenga ni kile hasa kinachodanganywa na umbo la kichwa, kwa sababu jedwali la upana limetengenezwa kwa vichwa vya umbo la kawaida. Hadlock mwenyewe aliichunguza CI kwa sababu hiyo, ili mpimaji ajue lini aache kuuamini upana na atumie mzunguko. Mpimaji wako ameandika dolikosefali, halafu papo hapo akautoa umri wa mimba kwenye upana uleule. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa ninaloliona mara nyingi mno.

Hata kama vipimo vyote vinne vingesema wiki 28, tarehe yako isingebadilishwa. Mwanzoni mwa mimba watoto hukua kwa mwendo unaofanana sana, hivyo urefu wa mtoto kutoka utosini hadi matakoni kwenye wiki ya 12 unakupa umri ukikosea kwa siku tano hadi saba. Kadiri mimba inavyokwenda, kila mtoto anafuata ukubwa wa kwao. Kuanzia wiki ya 28 tofauti ya hadi siku 21 kati ya hedhi na ultrasaundi haitoshi kubadili tarehe. Yako ni siku 15. Tarehe ya makisio ya kujifungua ikishathibitishwa na kipimo cha mapema, imefungwa. Vipimo vya baadaye vinatuambia mtoto anakuaje, havituambii tena mimba ilitungwa lini. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, linashauri kila mjamzito apime angalau mara moja kabla ya wiki 24.

Wifi yako hakukosea kujumlisha wala kutoa. Ni kweli kwamba umri wa mimba huhesabiwa tangu hedhi ya mwisho, na kwamba mimba hutungwa kama wiki mbili baadaye, hivyo wiki 28 za kwenye karatasi ni wiki 26 tangu kutungwa. Namba aliyoanzia ndiyo mbovu. Anza na wiki 30 na siku 2, toa wiki mbili: wiki 28 zilizopita, na wakati huo mumeo alikuwa bado hajaondoka. Chukua karatasi ya wiki ya 12, iweke kando ya hii, mwonyeshe mistari ile minne. Bora zaidi, mumeo akirudi safari nendeni wote wawili kliniki, daktari amweleze yeye mwenyewe. Nami nasema wazi, kwa yeyote atakayeisoma hapo nyumbani: ultrasaundi ya miezi ya mwisho haifai kuwa shahidi wa uaminifu wa mwanamke. Haina uwezo huo. Anayeitumia hivyo anaibebesha mashine kazi isiyoiweza.

Niseme pia kidogo kuhusu uwiano huu wenyewe, maana wapo wanaouhusisha na akili. Ulibuniwa na Anders Retzius wa Uswidi katika miaka ya 1840, si kwa ajili ya wajawazito, bali kwa kupanga watu wa mataifa mbalimbali kwa maumbo ya vichwa vyao. Wakoloni waliupokea kwa mikono miwili. Majirani zetu wa Rwanda wanakumbuka Wabelgiji waliokuja na vipimo vya vichwa na pua. Sayansi ile imekufa, na imekufa kwa haki. Kilichobaki chumba cha ultrasaundi ni hesabu ndogo ya kumsaidia mpimaji asidanganyike. Kichwa kirefu hakisemi lolote kuhusu akili ya mtoto.

Ni umbo gani basi lingenitoa jasho? Kichwa kilichobonyea pande zote mbili za paji, tunachokiita kichwa cha ndimu, hasa kabla ya wiki 24, pamoja na ubongo mdogo wa kisogoni uliopinda kama ndizi, hunifanya nikague uti wa mgongo mfupa kwa mfupa, nikitafuta mgongo wazi. Nafasi za maji ndani ya ubongo zikifika mm 10 au zaidi, naanza kufuatilia kama kichwa kinajaa maji. Mzunguko ulioshuka chini sana ya kawaida, nilishausema. Na lipo hilo ulilolisoma kwenye simu: maungio ya fuvu kufunga kabla ya wakati. Lipo kweli, huwapata kama mtoto mmoja katika kila 2,000 hadi 2,500, na aina inayotokea zaidi, ya ungio la katikati ya utosi, hurefusha kichwa. Lakini CI peke yake haiwezi kuligundua. Mtaalamu hutazama maungio yenyewe, ambayo kwenye picha ni mianya myeusi kati ya mifupa inayong'aa, na hata hivyo wengi hujulikana baada ya kuzaliwa. Kwa mtoto aliyelala matako, mwenye mzunguko wa kawaida na maji ya kutosha, kubanwa ni maelezo yenye nguvu kuliko ugonjwa adimu. Siwezi kukuapia kwamba uwezekano huo ni sifuri. Hakuna daktari mkweli atakayekuapia hivyo kwa karatasi.

Ufanye nini sasa? Kurudia kipimo wiki ijayo ni kutupa hela, kwa kuwa ukuaji wa wiki moja unamezwa na makosa ya kawaida ya kupima. CT haina nafasi hapa, ni mionzi bila faida. MRI ya mtoto tumboni ipo hospitali chache na ni ghali. Sioni sababu yake kwako. Unaweza kusafiri hadi Mbeya kwa daktari bingwa wa uzazi aukague ubongo na maungio kwa kina, na kama hofu inakunyima usingizi hiyo si anasa. Ila ningekuwa mimi ninayekuhudumia, ningekwambia uendelee na kliniki kama kawaida, urudie ultrasaundi kati ya wiki 34 na 36, na umwombe mpimaji aandike mambo manne: mzunguko wa kichwa, nafasi za maji za ubongo, wingi wa maji ya uzazi na mlalo wa mtoto. Uliza pia kama kipimo cha awali kilitazama uti wa mgongo. Kama hakikutazama, mwambie autazame, ingawa umri huu si rahisi kama ungekuwa na wiki 20.

Mlalo, kusema kweli, ndilo jambo ambalo mimi ningelifuatilia kuliko kichwa. Wiki 30 bado mapema: watoto wengi wanaotanguliza matako sasa hujigeuza wenyewe, na mimba ikikomaa hubaki watatu au wanne katika kila mia. Ikifika wiki 36 bado matako, ongea na daktari kuhusu kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji, na kama kuna mtaalamu wa kumgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo, kazi inayofanywa hospitalini mapigo ya moyo ya mtoto yakifuatiliwa. Kichwa kilichorefuka kikitoka mwisho kinaongeza sababu ya kutojaribu kuzalia matako mahali pasipo na mtaalamu. Tafadhali, mtu asikukande tumbo nyumbani kumgeuza. Nimeona kondo la nyuma likibanduka kwa kukandwa, na hapo dakika zinahesabika kwa mama na mtoto.

Akizaliwa usishtuke kisogo kikiwa kimetokeza nyuma. Kikishaachwa huru huanza kurudi chenyewe, wengine kwa wiki chache, wengine miezi. Mama mkwe ampakate, amwogeshe, amwimbie, lakini mikono isikamue kichwa wala kugusa utosi kwa nguvu. Alale chali, uso ukigeuzwa leo huku kesho kule, na akiwa macho alazwe kifudifudi mbele yako kwa muda mfupi. Omba mzunguko wa kichwa uandikwe kwenye kadi. Mtoto aliyetimiza miezi huwa na sm 35 hivi, na kila kliniki wapime tena kwa utepe. Ukiona kichwa kinazidi kurefuka badala ya kuviringika, au ukipapasa ukakuta tuta gumu la mfupa kutoka utosini kwenda kisogoni, mpeleke kabla hajatimiza miezi mitatu, maana upasuaji ulio mwepesi zaidi hufanywa mapema. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ina madaktari wa upasuaji wa ubongo wanaohudumia watoto. Kichwa kikikua haraka kupita mstari wa kadi, utosi ukivimba au macho yakiwa yanaangalia chini muda wote, usingoje tarehe ya kliniki.

Na kabla ya hapo, kwa wiki zilizobaki: maji yakikuvuja hata kidogo kidogo, ukiona damu, mtoto akipunguza kucheza ukilinganisha na mazoea yake, ukipata maumivu ya tumbo yasiyoachia, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na ubebe karatasi zote mbili.